Sherehe moja haiwezi kubeba wageni wa aina mbili

SWALI: Shikamoo dada. Tunaishi Leipzig, Ujerumani, tangu Agosti ya mwaka jana, tumetokea Mbeya. Binti yangu ameanza darasa la kwanza mwaka huu na katikati ya Novemba anatimiza miaka saba. Nataka kualika darasa lote, watoto 24, na wazazi wao, pamoja na Watanzania wenzetu wa hapa. Nipike pilau, tuweke muziki, mtoto ajisikie yuko nyumbani. Mume wangu anasema hakuna Mjerumani atakayekuja. Kinachoniuma ni kwamba tangu tufike ameshaalikwa mara moja tu, na siku hiyo nilikwenda naye pamoja na mdogo wake, tukakaa, nikaona mwenye nyumba ananishangaa. Halafu wenzake kila mmoja ana shughuli yake mchana, huyu wangu akitoka shule ni nyumbani na mimi. Hiyo sherehe niifanyeje, na huyu mtoto nimpeleke wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mumeo amepatia nusu. Wajerumani watakuja, tena kwa dakika, ila hawatakuja kwenye sherehe unayoieleza. Nimeishi nchi hii miaka 19, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimefanya kazi ya kushauri familia za wahamiaji, na swali lako huwa nalipokea kila majani yanapoanza kudondoka.

Nikiisoma barua yako naona sherehe mbili zimebanwa katika moja. Ya kwanza ni ya binti yako: anataka wenzake wa darasani waje kwake, waone kitanda chake na midoli yake, ili Jumatatu awe na cha kuzungumza nao. Ya pili ni yako wewe. Umekaa mwaka mzima bila kuchota pilau ya watu arobaini, bila vigelegele, bila mtu wa kukuita mama fulani. Hitaji hilo ni la haki kabisa. Lakini ukiziweka pamoja, watoto saba wa Kijerumani watakaa pembeni ya sebule iliyojaa watu wazima wanaocheka kwa lugha wasiyoijua, na binti yako atashindwa kuchagua akae upande gani. Zitenganishe, kila moja na siku yake. Wala hutakuwa umewaiga Wazungu kwa kukosa lako: familia nyingi za hapa zenyewe hufanya mbili, siku moja kahawa na keki kwa babu, bibi na mashangazi, siku nyingine ile wanayoiita Kindergeburtstag, ya watoto peke yao.

Hiyo ya watoto ina desturi zake, na zikishakuingia utaelewa pia ile siku uliyoshangawa. Kwanza idadi. Kanuni ya mdomo hapa ni kwamba mtoto huita wageni sawasawa na miaka yake; wengine huongeza mmoja. Anayetimiza saba huita saba. Sasa piga hesabu: darasa la watoto 24, kila mmoja anaita sita au saba, na wengi wao wametoka chekechea moja, wamejuana tangu wana nepi. Mgeni wa mwaka mmoja hupitwa kirahisi katika hesabu hiyo bila mtu yeyote kumchukia. Sisemi ubaguzi haupo. Nimekaa na wazazi waliokutana nao uso kwa uso, na mtoto akirudi na maneno juu ya rangi au nywele zake, hiyo si hesabu tena. Nenda kwa mwalimu wa darasa wiki hiyo hiyo. Ila mwaliko mmoja katika mwaka wa kwanza, peke yake, bado haujakuambia lolote. Njia ya haraka ya kualikwa ni kualika, na zamu ni yenu sasa.

Pili, aliyeandikwa kwenye kadi ndiye aliyealikwa. Mtoto akiwa na miaka mitatu au minne mzazi hubaki naye. Akishaanza shule, unamfikisha mlangoni, unaacha namba ya simu, unauliza saa ya kumchukua, unaondoka. Yule mama alikuwa amehesabu vikombe, na pengine alijiuliza kama humwamini. Hakuna ugomvi hapo. Ukikutana naye mwambie tu kwamba kwenu mtu hamwachi mtoto mlangoni akaondoka. Mtacheka wote.

Tatu, saa. Kadi huandikwa saa ya kuanza na saa ya kumaliza, mathalani 15 hadi 18, na zote mbili ni za kweli. Sisi tuliolelewa na saa ya Kiswahili tuna mtego wetu hapa, tena wa ngazi mbili. Mjerumani akikuambia kwa mdomo halb vier, neno kwa neno ni "nusu nne", nawe unaweza kusikia saa nne na nusu. Maana yake ni nusu ya safari ya kwenda saa nne ya kwao, yaani 15:30, ambayo kwetu ni saa tisa na nusu alasiri. Nimewahi kufika kwenye sherehe watoto wakivaa makoti ya kuondoka. Omba uandikiwe kwa tarakimu.

Sasa ya kwako. Mwache binti achague saba mwenyewe, lakini jambo moja usimruhusu: kuwaita karibu wote na kumwacha mmoja au wawili. Kadi zitoke wiki mbili hadi tatu kabla, na ziingie kwenye mabegi kimyakimya badala ya kugawiwa mbele ya darasa. Andika tarehe ya mwisho ya kujibu. Watakujibu, hata wasioweza kuja.

Tarehe yenyewe iangalie mara mbili. Ujerumani hawasherehekei kabla ya siku yenyewe, wala hawapongezi mapema. Wanaona ni kuita nuksi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpongeza mwenzangu Ijumaa kwa sababu siku yake ilikuwa Jumamosi, akarudi nyuma kama nimemtupia nyoka. Kwa hiyo kama siku ya binti inaangukia katikati ya wiki, sherehe iwe Jumamosi inayofuata, kamwe si iliyotangulia. Halafu mko Saxony, na Saxony ndilo jimbo pekee linaloifanya Buß- und Bettag, siku ya toba na sala ya Waprotestanti, kuwa sikukuu ya mapumziko: ni Jumatano ya kabla ya tarehe 23 Novemba. Shule na maduka hufungwa, na familia nyingi huitumia kusafiri au kwenda kwa bibi, kwa hiyo usiichague kabla hujawauliza wazazi. Jumapili nayo maduka yamefungwa, ukikosa mayai umekosa, na majirani wanaitarajia kimya.

Novemba hiyo usiilalamikie, maana ina zawadi yake. Jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na tarehe 11 watoto wametoka kwenye maandamano ya Mtakatifu Martin, kila mmoja na taa yake ya karatasi. Waandikie kwenye mwaliko waje na taa hizo, au na tochi, na nguo za kuchezea matope. Kisha fanya mchezo ambao watoto wa hapa hawauchoki: kutafuta hazina. Ficha karatasi sita au saba kwenye bustani ya jirani na nyumba, kila moja inaelekeza kwenye inayofuata, na ya mwisho inaelekeza kwenye kisanduku. Watoto wa darasa la kwanza ndio kwanza wanajifunza kusoma, basi chora badala ya kuandika: mti, benchi, bembea. Ukiweka karatasi moja yenye neno la Kiswahili, ambalo ni binti yako tu anayejua maana yake, utaona wanavyomzunguka. Hiyo moja itafanya kazi kuliko pilau yote.

Ndani ya nyumba michezo miwili mitatu inatosha. Ule wa viti na muziki unaujua. Hapa unaitwa safari ya kwenda Yerusalemu. Ule wa sufuria unahitaji mwiko tu: mtoto anafungwa macho, anatambaa akigonga sakafu mpaka aipate sufuria iliyofunikwa juu ya kizawadi, wenzake wakipiga kelele "moto" akikaribia na "baridi" akienda mbali. Zawadi hufunguliwa mbele ya wote, na mara nyingi watoto hukaa duara na kuzungusha chupa: inayemwelekea ndiye anayetoa ya kwake. Kitu cha euro 10 hivi ni zawadi ya heshima kabisa, kwa hiyo usishangae, na binti akialikwa usijifilisi. Kuna maduka ya midoli ambako mtoto huchagua vitu akaviweka kwenye kikapu chenye jina lake, na wazazi wa wageni hununua kutoka humo. Mwanzoni nilikiona kikapu hicho kama kuomba hadharani. Baada ya mwanangu kupokea fumbo lile lile la kuunganisha picha, la vipande 100, mara tatu, nilinyamaza.

Keki mwanzoni, chakula cha jioni mwishoni, kisha kila mmoja aondoke na kifuko chenye vitu vidogo: penseli, kibandiko, peremende. Chakula kiwe chepesi, tambi au viazi vya kukaanga. Maandazi yako ya iliki yapike, yanafanana na vitu wanavyovijua na yataisha. Pilau iache kwa siku ya pili. Waulize wazazi kwa maandishi kuhusu mzio, hasa wa karanga, maana sisi karanga tunazitia hata mahali tusipokumbuka. Na kama kuna mtoto Mwislamu, soma pakiti ya zile pipi laini za kutafuna: nyingi zina jelatini ya nguruwe.

Mishumaa juu ya keki hutakuwa umeiazima kwa mtu wa mbali. Wewe ni wa Mbeya, huenda jina la Zinzendorf umelisikia kanisani: ndiye mlezi mkubwa wa Wamoravian, na wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1746, siku yake ya kuzaliwa iliposherehekewa Marienborn hapa Ujerumani, aliyekuwapo aliandika kwamba palikuwa na keki kubwa kadiri tanuri lilivyoweza kuoka, imetobolewa matundu kwa idadi ya miaka yake, kila tundu na mshumaa, na mmoja zaidi katikati. Ni moja ya habari za zamani kabisa za keki ya mishumaa. Mshumaa wa ziada utauona mpaka leo kwenye meza za Wajerumani; wanauita mwanga wa uhai. Mwambie mama yako hiyo, ataipenda.

Mambo mawili ya sheria, nayapitia haraka. Mzazi akiisha kukuachia mtoto, wajibu wa kumwangalia ni wako. Kwa hiyo uwe na mtu mzima wa pili ndani ya nyumba, na usiwapeleke bwawani kundi la watoto ambao hujui nani anaogelea. La pili ni picha. Sheria ya haki ya mtu juu ya picha yake ni ya tangu 1907 na bado inauma: usiweke nyuso za watoto wa watu kwenye status bila ruhusa ya wazazi. Piga, watumie wao wenyewe, watakushukuru.

Shuleni usisahau. Mwenye siku ndiye anayewaletea wenzake, si wao wanaomletea. Muulize mwalimu kinachoruhusiwa. Shule nyingi zinapendelea keki kavu, bila krimu. Hapo ndipo watoto wote 24 wanapata chao, na roho yako inatulia.

Wengine watakuambia ulipie ukumbi wa kurukaruka au wa kupanda kuta, wanakupangia kila kitu kwa bei ya kila kichwa. Si vibaya, lakini mwaka huu wa kwanza mimi ningefanya nyumbani hata kama sebule ni ndogo. Watoto wakishaujua mlango wenu, watagonga tena siku ambayo si ya sherehe.

Sherehe yako sasa. Chagua Jumamosi nyingine, jioni. Mko Leipzig, mji ambako vile vyama vya bustani vya Schreber, ambavyo wanachama wake hukodi vibustani vidogo mjini, vilianzia katika miaka ya 1860, na vyama hivyo vingi vina nyumba yenye ukumbi ambao hukodishwa. Ulizia pia ukumbi wa parokia. Pilau, spika, risala ya mjomba, vyote huko. Kama lazima ifanyike nyumbani, bandika karatasi kwenye ngazi siku tatu kabla ukiwataarifu majirani, na ikifika saa nne usiku shusha sauti, maana kuanzia hapo ni kimya cha usiku. Mkitaka kumwagiana maji kama kawaida yetu, msubiri Juni.

Nije kwenye hilo la mchana, ambalo naliona zito kuliko sherehe yenyewe, kwa sababu sherehe ni ya muda wa saa tatu tu na mchana ni kila siku. Usiangalie watoto wa wenzako wana shughuli ngapi. Kwa mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza lugha, kusoma na hali ya hewa vyote kwa mpigo, mbili kwa wiki zinatosha: moja ya mwili, moja anayoitaka yeye.

Kabla hujatafuta mbali, uliza kwenye Hort, ile huduma ya baada ya masomo ambayo huku mashariki watoto wengi wa msingi wanakaa. Unaandika kwamba akitoka shule ni nyumbani. Huenda wenzake wanabaki pale mpaka saa kumi, na urafiki unafungwa katika saa hizo mbili ambazo yeye hayupo. Shule nyingi za Saxony pia zina shughuli za alasiri, kwaya, sarakasi, chesi, na zinafanyika hapo hapo.

Ya mwili, mimi huwa naanza na kuogelea, na sibadilishi. Ziwa liko kila kona pembeni ya Leipzig, na kiangazi kikifika darasa zima litakuwa huko. Beji ya kwanza ni ya farasi-bahari, Seepferdchen: mtoto anaruka kutoka ukingoni, anaogelea mita 25, na anaokota kitu kwenye maji yanayomfika mabegani. Wazazi wengi wakiiona imeshonwa kwenye nguo wanadhani kazi imekwisha. Haijaisha. Shirika la uokoaji majini, DLRG, linamhesabu mtoto kuwa mwogeleaji salama anapopata beji ya shaba, ambayo pamoja na mengine inadai kuogelea dakika 15 bila kupumzika. Shule hufundisha baadaye, mara nyingi darasa la pili au la tatu, lakini mtoto anayeingia maji kwa mara ya kwanza hapo mbele ya wenzake huona aibu. Foleni za kozi ni ndefu, jiandikishe leo kwa ajili ya masika. Nywele zisikutishe: msuke mistari ya kulala, mpake mafuta kabla, kofia mbili juu yake.

Nyingine itafute kwenye Verein, chama cha mtaa. Huku michezo haipo sana mikononi mwa shule. Mpira, mazoezi ya viungo, judo, vyote viko kwenye vyama, ada yake kwa kawaida ni nafuu, na karibu kila kimoja kinaruhusu mazoezi ya kujaribu bila malipo. Jaribu kabla ya kusaini. Ukisaini, soma kifungu cha kujitoa: mara nyingi huwezi kuondoka kesho, unatoa taarifa wiki kadhaa kabla ya mwisho wa nusu mwaka au mwaka. Nimewaona wazazi wakilipia judo ya mtoto aliyehamia gitaa miezi minane iliyopita.

Kama kipato ni kidogo, kuna fuko la elimu na ushiriki, Bildungs- und Teilhabepaket, linalotoa euro 15 kwa mwezi kwa ajili ya ada za aina hii. Linawahusu wenye ruzuku ya kodi ya nyumba, Kinderzuschlag (nyongeza ya mtoto kwa wazazi wa kipato kidogo) na misaada mingine ya namna hiyo. Kabla ya kuomba misaada yenyewe, mwone mshauri wa uhamiaji. Huduma hiyo ni bure, na atakuambia kama inagusa masharti ya kibali chenu.

Na wewe usimshushe mtoto ukaondoka, hapa ni kinyume cha sherehe. Kaa benchi la ukumbini na wazazi wengine, msimu mzima wa baridi. Siku chama kinapoomba keki za kuuza kwenye mashindano, peleka. Mimi marafiki zangu wawili wa Kijerumani nimewapata kwenye benchi la namna hiyo, tukisubiri watoto wavae viatu.

Mwisho, hukuuliza, ila nimeusikia kwenye barua: ajisikie yuko nyumbani. Asubuhi ya siku yake, kabla ya shule, mpigie bibi yake kwa video. Novemba Mbeya wametangulia kwa saa mbili, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu ya Leipzig huko ni saa mbili na nusu, bibi ameshakunywa chai. Aimbe, amwite kwa jina lile la utotoni, asimulie usiku aliozaliwa. Kama binti atajibu kwa Kijerumani, usimkatize mbele ya bibi. Wewe rudia alichosema kwa Kiswahili na uendelee. Na mwonye bibi mapema asipige usiku wa kuamkia. Mtoto wa darasa la kwanza ameshafundishwa na wenzake kwamba ni nuksi, na atalia.